Marejea

Mwaka ule wa kwanza, Kitangari yote ilisema
Somoe amepandwa na kichaa:
mvua ya Desemba imeshatua,
naye anatia mbegu isiyopikwa wala kuuzwa.
"Analima majani," alisema Binti Likwata
kwenye foleni ya maji,
na ndoo zote zikacheka.

Mimi nilikuwa na miaka kumi na moja. Niliona aibu.
Mashamba ya wenzetu mihogo, mbaazi katikati ya mikorosho;
letu manjano tupu,
manjano ya kuumiza macho,
nyuki wamelewa tangu saa moja asubuhi.

Mbegu alizileta bwana shamba Nampembe,
kibaba cha mfuto kwenye mfuko wa khaki.
Akaahidi kupita baada ya wiki mbili, aone zilivyoota.
Wakamhamishia Kilwa.
Mama hakumngoja.

Alinifundisha kwa namna yake, yaani kwa kugomba.
Usizike mbegu kama unazika mtu,
pingili moja ya kidole yatosha.
Tawanya kwa mkono mwepesi,
kama utiavyo chumvi kwenye mchuzi wa watu.
Majani machanga chuma, chemsha, mwaga maji ya kwanza,
tia karanga za kutwanga;
uchungu utakaobaki uache ubaki.

Siku moja aling'oa mche, akanionyesha mizizi:
vinundu vimeshikana kama punje za mtama.
Akapasua kimoja kwa ukucha.
Ndani chekundu, kama fizi za mtoto.
"Umeona? Huyu anakula hewa.
Anakula bure, halafu analipa."

Kwetu kila kitu huondoka kwenye gunia.
Korosho, gunia, bandarini.
Ufuta, gunia, mnadani.
Makopa, gunia, sijui wapi.
Baba naye, msimu wa bei nzuri,
na nguo zake kwenye gunia.
Na katika kila gunia kiganja cha udongo
ambacho karani wa mizani hakukiandika.
Miaka thelathini tulilipakia shamba kidogo kidogo,
mpaka mchanga ukabaki mweupe,
hata mchwa wakahama.
Kinachorudi ni hiki kimoja,
na jina lake ndilo hilo.

Kisha ikaja siku ya kukata.
Hili hakuniambia mwanzo.
Maua yamefunguka yote, naye ananipa panga.
Sasa?
"Sasa. Ukingoja yakomae utafukia kuni."
Nikamwomba wiki moja tu.
"Kwani ni maua ya harusi haya? Kata!"
Nikakata. Manjano ikanilalia miguuni.
Tukafukia kwa jembe, tuta kwa tuta,
nami nalia, si kwa ajili ya maua,
kwa ajili ya nyuki
waliokuwa wakizunguka palepale,
wakitafuta mlango wa nyumba iliyokuwepo asubuhi.

Mstari mmoja aliuacha wa mbegu,
ule wa mpakani na Binti Likwata.
Julai maganda yalipokauka
kila upepo ukipita yalicheza njuga,
usiku kucha,
upande wa dirisha la jirani.
Nadhani aliuacha pale makusudi.

Mahindi ya mwaka uliofuata sitayasimulia,
mtasema nimetia chumvi.
Nitasema tu kwamba Binti Likwata alikuja alfajiri,
bila ndoo, na kopo mkononi,
akazungumza habari za mvua, za goti lake, za mkwe wake,
mpaka mama akainuka mwenyewe, akaingia ndani.
Akampimia kibaba cha tele.
Hawakutajiana majani.

Leo panga ni langu.
Mama ameketi kwenye gogo, macho yake hayashiki rangi tena.
"Yamefunguka?"
Bado, nasema.
Anainamisha kichwa, anawasikiliza nyuki kwa muda mrefu,
halafu anasema haya,
kama bado ni bado.